Mashine Nne za Ofisi ya Kakuma

Helen Akeno hakupokea hata kiberiti bila kukifungua na kuhesabu njiti. Ndivyo watu wa Lodwar walivyomsema, na ingawa walitia chumvi, hawakuwa mbali na ukweli. Alikuwa na duka la chumba kimoja nyuma ya posta, na juu ya mlango kibao kilichosema kwamba hapo zinauzwa na kutengenezwa kompyuta za ofisi. Mwenye kuchungulia ndani hakuona cha maana. Kompyuta hazikukaa pale. Zilipanda na lori la Kitale zikiwa kwenye maboksi, zikafunguliwa, zikajaribiwa siku mbili tatu, kisha zikaenda kwa wenyewe: ofisi za serikali, misheni, mashirika ya misaada. Kilichokaa siku zote ni meza, Helen, na madaftari yake. Humo aliandika namba ya kila mashine iliyopita mikononi mwake, vilivyomo ndani yake, nani aliipokea na nani aliiona ikiwaka. Majirani walimwita Mama Namba, naye hakukasirika.

Hakuzaliwa hivyo. Kwao ni Kerio, kando ya ziwa, na baba yake alikuwa mvuvi aliyewaachia wachuuzi samaki wakavu leo na kungoja malipo mwezi ujao, bila karatasi. Helen alisoma, akaja Lodwar, akapata kazi ya kupiga chapa katika ofisi moja. Mwaka wa tisini na mbili alikuja mfanyabiashara mwenye tai kutoka mbali, akaweka kompyuta mbili mezani, akamwonyesha Helen jinsi ya kuwasha na kuzima, akaondoka kwa ndege ya asubuhi. Baada ya wiki tano moja ikafa. Mkubwa wa ofisi hakuuliza sana. Alisema Helen ameimwagia chai. Akarudishwa kwenye taipureta, na kila mgeni aliyepita pale akaonyeshwa kwa kidole: huyu ndiye aliyeua kompyuta.

Aliyemwokoa ni fundi wa redio aitwaye Amuria, mtu wa makamo, mpole, aliyekuwa na kibanda karibu na soko. Aliitwa aiangalie ile mashine kabla ya kutupwa. Akafungua kifuniko, akakuta ndani vipande vyenye kutu, vingine vimeandikwa kwa kalamu jina la kampuni nyingine. Ilikuwa mashine kuukuu iliyovishwa ganda jipya. Amuria aliwaita watu wote wa ofisi waje waone, mmoja mmoja, kisha akamwambia mkubwa wao kwa sauti ya kawaida kwamba chai haioteshi kutu ya miaka mitano. Hakuna aliyemwomba Helen radhi. Mwisho wa mwezi aliacha kazi, akaenda Eldoret kusoma mambo ya kompyuta mwaka mzima, na aliporudi kufungua duka lake, fundi wake alikuwa Amuria. Katika mji mzima huyo ndiye mtu pekee ambaye kazi yake Helen hakuikagua mara ya pili.

Basi mapema mwaka wa tisini na saba alipata kazi kubwa kuliko zote. Shirika moja lililokuwa likiandikisha wakimbizi na kadi zao za chakula kule Kakuma lilitaka kompyuta kumi na mbili, na lilitaka mtu wa karibu wa kuzihudumia, si wa kungojwa kutoka Nairobi. Kwa mwaka mzima Helen angekuwa na wajibu wa kwenda kila zinapougua. Alikubali. Aliagiza kwa muuzaji wa jumla Nairobi, na siku lori lilipofika Lodwar yeye alikuwa Kerio kumzika shangazi yake. Amuria ndiye aliyetia sahihi ya kupokea, na ndiye aliyezijaribu.

Juma lililofuata walizipeleka kwa pikapu ya kukodi, wakifuatana na msafara wa magari na askari mbele na nyuma, kwa maana barabara ile haikuwa ya kwenda mtu peke yake. Maboksi yalifunikwa maturubai mawili, na bado vumbi liliingia.

Chumba cha kompyuta kilikuwa jengo refu la mabati lenye madirisha ya wavu. Walipokewa na watu wawili. Wa kwanza ni Bwana Losike, msimamizi wa ofisi, Mturkana wa Lodwar mwenye shati lililopigwa pasi hata saa nane ya mchana. Wa pili ni karani mkuu, mkimbizi wa Sudan aitwaye Ayuen, mrefu, wa miaka arobaini hivi, aliyekuwa karani wa serikali katika mji wa Bor kabla ya vita. Ufunguo wa chumba ulining'inia shingoni mwake kwa kamba ya kiatu.

Mashine za wakati ule zilipowashwa zilihesabu memori yake kwanza, mbele ya macho ya mtu. Tarakimu nyeupe zilipanda juu kwenye skrini nyeusi, na kwa mashine hizi zilipaswa zisimame kwenye 16384. Helen aliziwasha moja baada ya nyingine, akaangalia, akaandika. Ya kwanza, sawa. Ya pili, sawa. Walipomaliza ya nane Bwana Losike akamwita mezani, akisema gari la mkubwa wake linaondoka na hati za kupokelea lazima ziende nalo. Helen akasimama pale mezani kuzitia sahihi kurasa, mgongo ukiwa umeelekea mashine, na Amuria akaendelea kumsomea. Kumi na sita, tatu, nane, nne. Akaandika. Mara nne alisoma, mara nne akaandika.

Mwezi wa tano ikaja simu. Bwana Losike alisema kompyuta zinakwama, watu wamepanga foleni juani tangu alfajiri, na makarani hawawezi kufungua orodha. Alisema kwa Kiingereza, na Helen alimjua vya kutosha kufahamu kwamba Losike akihama Kiswahili, basi anahama na urafiki pia.

Alikwenda na Amuria. Akaziwasha zote, akasimama mbele ya kila moja kama mwalimu mbele ya mtoto anayehesabu. Nane zilifika. Nne, zile za mwisho kabisa karibu na dirisha, zilisimama njiani, kwenye 8192, nusu kamili. Akafungua moja. Palipopaswa kuwa na vipande viwili vya memori, vyembamba, urefu wa kidole, palikuwa na kimoja. Akafungua ya pili, ya tatu na ya nne. Zote vivyo hivyo.

Helen aliijua bei yake. Kipande kimoja cha memori kilienea kwenye mfuko wa shati, na katika miaka ile kilikuwa na soko kila mahali penye kompyuta. Huko Nairobi, watu walisema, ofisi zilikuwa zikiamka na kukuta mashine zimekamuliwa kama ng'ombe.

"Ulituletea pungufu, Madam?" Bwana Losike aliuliza. Aliuliza taratibu, huku akimwangalia karani mwingine, kana kwamba swali si lake.

Helen akafungua daftari, akamwonyesha zile tarakimu na sahihi ya Losike chini yake. Basi vimeondoka baada ya kufika. Na nani huingia humu? Kila mtu alitazama ile kamba ya kiatu.

Ayuen hakutetemeka. Alisema kwa Kiswahili chake alichokiokota hapo kambini kwamba mashine zile nne zilikuwa nzito tangu siku ya kwanza. Alikuwa amemwambia Bwana Losike, na Losike alisema ni vumbi. Bwana Losike hakukumbuka. Helen alimsikiliza Ayuen huku akimtazama mikono. Moyoni alisema: mwizi mwenye akili huanza kwa kurudisha tarehe nyuma. Akavuta droo ya meza ya karani bila kuomba ruhusa. Ndani, juu ya kitambaa safi kilichokunjwa, palikuwa na bisibisi mbili na brashi ndogo ya rangi.

"Hizi ni za nini?"

"Mimi nafungua kutoa vumbi, Madam. Kila mwezi. Vumbi inaua hii kitu."

"Nani alikuruhusu kufungua?"

Hakuna aliyemruhusu. Helen akamgeukia Losike, na neno alilosema lilikuwa fupi. Alisema kwamba kwa miaka yake yote ya kazi hajaona mtu mwenye ufunguo na bisibisi akiwa hana habari. Amuria wakati huo alikuwa ametoka nje. Alisema gurudumu la nyuma linahitaji kuangaliwa.

Ayuen alinyang'anywa ufunguo na kitambulisho cha kazi saa ile ile, mbele ya foleni. Kutoka kwenye lile jengo hadi kwenye lango ni hatua kama mia mbili, na watu walikuwa wamepanga mistari pande zote mbili. Kabla hajafika langoni neno lilikuwa limeshamtangulia, kwa Kidinka, kwa Kiarabu cha Juba, kwa Kisomali. Helen alimwona akienda bila kuharakisha. Hata mwendo ule aliutilia shaka. Asiye na hatia, alijiambia, angepiga kelele.

Alitia vipande vinne vipya kutoka kwenye akiba yake, na kabla ya kuondoka akatoa kwenye mkoba chupa ya rangi ya kucha, nyekundu, akapaka tone moja juu ya kila skrubu ya kila mashine. Atakayefungua, rangi itapasuka, naye atajulikana.

Ikapita miezi mitatu. Mwezi wa nane Bwana Losike akapiga simu tena. Mashine mbili zimerudia ugonjwa ule ule.

Safari hii Helen alikwenda peke yake, akiwa tayari na jina la karani mpya mdomoni. Alifika, akainama, akaziangalia zile skrubu kwa tochi. Rangi ilikuwa nzima. Hakuna tone lililopasuka, wala mkwaruzo. Akaziwasha: 8192. Akapasua rangi mwenyewe, akafungua, na ndani akakuta vipande vyote viwili vimekaa mahali pake. Kimoja tu kilikuwa kimeinuka upande mmoja, unene wa ukucha. Joto la mchana lilikivimbisha, baridi ya alfajiri ikakifanya kinywee, siku baada ya siku, na vumbi likajipenyeza chini yake. Akakitoa, akakifuta, akakisukuma hadi kikalia. Tarakimu zikapanda zikafika. Ya pili vilevile. Vumbi lilikuwa linaziua kweli.

Karani mpya akamletea chai. Helen hakuinywa. Alikuwa ameketi sakafuni, mgongo ukutani, akiangalia zile mashine nne za dirishani zilizokuwa zikifanya kazi bila taabu. Mbili za leo hazikuwa miongoni mwake. Za leo vipande vilikuwemo. Za wakati ule havikuwemo kabisa. Akafungua daftari kwenye ukurasa wa siku ya kukabidhi. Mashine ya kwanza hadi ya nane: tarakimu, na pembeni herufi H. Ya tisa hadi ya kumi na mbili: tarakimu zile zile, na pembeni herufi A. Ulikuwa mtindo wake wa siku zote, kuandika ni macho ya nani yaliyoona. Alikuwa ameuandika ukweli kwa mkono wake mwenyewe na hakuwahi kuusoma.

Njia nzima ya kurudi Lodwar alijaribu kutafuta maelezo mengine. Askari aliyekaa karibu naye katika gari alimsalimu, ejok, naye akaitika bila kujua ameitika nini.

Amuria alikuwa dukani akichomelea waya wa stabilaiza, kile chombo cha kutuliza umeme. Helen aliweka daftari mezani mbele yake, limefunguliwa, akaweka kidole kwenye herufi A. Amuria aliweka chini chuma cha moto, akafuta mikono kwa kitambaa kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Zilikuja hivyo kutoka Nairobi," alisema.

Akaeleza, akiangalia meza. Siku ile lori lilipofika, dereva alikuwa na haraka, naye akatia sahihi maboksi yakiwa yamefungwa. Alipoyafungua baadaye akakuta nne zina upungufu. Aliwapigia simu wale wa Nairobi, wakamjibu kwamba aliyetia sahihi amepokea. Alifikiri atatafuta vipande vingine polepole na kuvitia katika safari za matengenezo, pasipo mtu kujua. Halafu mambo yakaenda mbio.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekuambia nini, mama? Ungesema ni mimi."

Helen alifungua kinywa amkatalie. Akamtazama mtu yule aliyewahi kuita ofisi nzima waje waone kutu kwa ajili yake, na akajiuliza kama kweli angemwamini. Hata sasa, pale pale, kichwa chake kilikuwa kinapima: kama kweli aliwapigia simu, ni tarehe gani? Akafunga kinywa.

"Na Ayuen?" aliuliza baadaye.

"Nilidhani watamkaripia tu," Amuria alisema. "Nilipotoka kwenda kuangalia gurudumu, nilidhani nikirudi mambo yatakuwa yamekwisha."

Kwa majuma kadhaa Helen hakufanya lolote. Si kwamba alisahau. Lile shirika lilikuwa linafungua ofisi nyingine Lokichoggio, na Bwana Losike alikuwa amemdokezea kwamba kompyuta kumi za huko zitapitia kwake. Kila asubuhi alijiambia kwamba mashine zinafanya kazi, ofisi imetulia, na yule karani pengine ameshapata shughuli nyingine. Lakini usingizi ulimkimbia. Alijua jinsi mtu anavyoonyeshwa kwa kidole. Mwishoni mwa mwezi wa kumi akapiga chapa barua kwa Kiingereza, kwa vile hiyo ndiyo lugha ya ofisi, akatia muhuri wa duka, akaufunga muhuri wenyewe pamoja na kidau chake cha wino kwenye mfuko wa plastiki, akapanda gari.

Ulikuwa mwaka wa zile mvua ambazo wazee walisema hawajaona mfano wake. Laga, ule mkondo mkavu unaokata barabara, ilijaa, na magari yalisimama siku mbili yakingoja maji yapungue. Alifika Kakuma na matope hadi magotini. Akaulizia mtaa wa watu wa Bor, na kila aliyemuuliza alimuuliza kwanza yeye ni nani na anamtakia nini mtu huyo.

Ayuen alikuwa akijenga upya ukuta wa nyumba yake uliobomolewa na maji. Mkewe, Abuk, alikuwa akimpa matofali ya udongo. Alipomwona Helen hakuacha kazi.

"Umekuja kutafuta nini tena?" aliuliza. "Nyumba iko wazi. Angalia."

Helen akasema hakuja kutafuta kitu. Akaanza kueleza, akaona maneno yanamkimbia, akatoa ile barua. Ayuen hakuipokea. Alisema hatii sahihi karatasi yoyote. Helen akamwambia haihitaji sahihi yake, asome tu. Abuk alisema kitu kwa Kidinka, kifupi. Ndipo Ayuen akanawa mikono kwenye karai, akaikausha, akaishika barua kwa ncha za vidole kama makarani wanavyoshika karatasi ya watu, akaisoma akiwa amesimama. Akairudia. Kisha akaweka kidole kwenye mstari wa tatu.

"Hapa umeandika tulikosa kuelewana."

"Ndiyo."

"Hakuna kukosa kuelewana, Madam. Mimi nilielewa. Wewe ulielewa. Andika ulinisingizia."

Alimletea kigoda na kipande cha ubao cha kuandikia. Helen akaandika upya kwa mkono, pale uani, kuku wakipita miguuni mwake. Aliandika kwamba vipande vinne havikufika Kakuma kamwe, kwamba kosa lilikuwa la duka lake, na kwamba alimsingizia Bwana Ayuen wizi bila ushahidi, mbele ya watu. Ayuen alisimama nyuma yake akisoma kila neno likiandikwa. Alimsahihisha tahajia ya jina la babu yake, lililofuata lake. Zikawa nakala tatu, na kila moja Helen aliipiga muhuri juu ya ule ubao.

"Hii ya duka yako haitoshi," Ayuen alisema. "Mimi nataka muhuri ya ofisi ile."

Bwana Losike alimpokea kwa heshima, akamkaribisha kiti, akaisoma barua hadi katikati, kisha akaigeuza kifudifudi. Alisema jambo lile limekwisha na hakuna aliyeumia. Helen akasema yupo aliyeumia. Losike akaegemea kiti.

"Uliniletea mwizi, nikamfukuza," alisema. "Sasa unataka nimwambie mkubwa wangu kwamba nilitia sahihi mashine ambazo sikuziona?"

"Na mimi pia sikuziona. Nimeandika hivyo."

"Wewe una duka lako. Mimi nina mshahara." Akamwangalia kwa muda, macho yamekuwa membamba. "Hebu niambie. Huyo Ayuen amekupa nini?"

Helen akacheka kidogo, kwa uchovu. Losike akakataa kutia sahihi. Akasema ataiweka barua kwenye jalada, na kwa sauti aliyoisema ilikuwa wazi ni jalada gani. Basi Helen akaichukua barua yake, akatoka, akazunguka jengo hadi dirisha la mapokezi, mahali ambapo kila mleta barua hupokelewa, awe mtu wa serikali au mama mwenye mtoto mgonjwa. Akaingiza nakala zote tatu. Msichana wa dirishani hakusoma hata mstari. Alizipiga muhuri wa kupokea, jina la shirika na tarehe, akabaki na moja akamrudishia mbili.

Ayuen alikuwa amemngoja nje ya lango, ng'ambo ya barabara. Alizigeuza zile karatasi kwenye mwanga, akausugua wino kwa kidole gumba aone kama umekauka.

"Ni wa kupokea tu," Helen alisema. "Losike hakutia sahihi."

"Muhuri ni muhuri," Ayuen alijibu, akaikunja yake mara moja tu. Hakusema asante, wala hakusema amesamehe. Alisema mvua inakuja na msafara utaondoka bila yeye.

Zile kompyuta za Lokichoggio zilikwenda kwa kampuni ya mbali. Mwaka wa matengenezo ulipokwisha, mkataba wa Kakuma haukuongezwa, na Helen hakupewa sababu. Mjini Lodwar habari ilimfika ikiwa imeshaota mikia. Wengine walisema aliviuza vile vipande mwenyewe, kisha akaogopa kukamatwa. Wengine walisema alikuwa akigawana na yule Msudani. Hakuna mtu anayekiri bure, walisema, na Helen mwenyewe alikuwa na kawaida ya kufikiri hivyo hivyo juu ya wengine.

Amuria alirudi kwao akakaa miezi mitano. Kisha asubuhi moja alikuja akakaa kwenye benchi nje ya duka, na Helen akampa redio ya misheni aiangalie. Tangu hapo maboksi yaliyoshuka kutoka kwenye lori waliyafungua wote wawili, kichwa kwa kichwa, dereva apige honi asipige. Hawakuizungumzia tena habari ile. Kulikuwa na siku ambazo Helen alimtazama anavyoinama juu ya mashine na shaka ikamrudia kama homa ya zamani, akaiacha ipite.

Ayuen aliingia kazi ya ukarani kwenye shule moja ya kambini. Mwalimu mkuu alikuwa ameiona barua. Mwanzoni mwa mwaka wa tisini na tisa Ayuen alituma ujumbe Lodwar: yeye na mkewe wanataka kufungua chumba cha kupiga chapa katika soko la kambi, wanahitaji kompyuta moja iliyotumika na printa. Alitaka kwa Helen, kwa sababu, ujumbe ulisema, yeye anamjua. Helen aliusoma ujumbe huo mara nyingi bila kuamua maana yake.

Aliipeleka mwenyewe. Ayuen alimfanya aifungue mbele yake na mbele ya Abuk, ataje kila kilichomo, naye akaandika. Na kila Helen alipokwenda kuihudumia baada ya hapo, Ayuen alivuta kigoda akaketi karibu, akafuata mikono yake tangu skrubu ya kwanza hadi ya mwisho. Hakuona haya, wala Helen hakumlaumu. Abuk aliwaletea chai, wakainywa bila maneno mengi.

Safari ya tano au ya sita printa ilikuwa inakula karatasi. Helen alikuwa ameifungua pamoja na kompyuta, vipande vimetandazwa juu ya gazeti, mara mtu akaita kutoka uani, anataka kuandikiwa ombi la kwenda kwa daktari na ana haraka. Ayuen akainuka akatoka kumsikiliza. Abuk alikuwa sokoni. Helen akabaki peke yake na mashine iliyo wazi, na vipande vya memori vinang'aa mbele yake. Alisikia sauti ya Ayuen nje, ikiuliza jina, namba ya kadi, ugonjwa ulianza lini, bila haraka yoyote ya kurudi. Hakujua kama ameachwa kwa kuaminiwa au kwa sababu tu mteja ameita. Alichukua brashi akaanza kutoa vumbi.